Mahali Anapotua Bwana Harusi

Koplo hakutaka kushuka garini. Kwanza alisema anasubiri simu ya kituoni, kisha akasema kitasa cha mlango wake kina kasoro. Inspekta hakubishana naye. Sababu yenyewe ilikuwa imesimama nje ya dirisha, ina shingo ndefu na meno makubwa, inalamba kioo cha pembeni.

"Huyo ni farasi tu, Koplo."

"Afande, hata mamba ni mamba tu."

Mtu aliyekaa kiti cha nyuma akacheka, pingu zikamlia mapajani. Inspekta aligeuka akamtazama, naye akanyamaza. Mtu aliyelala mahabusu, na kesho anapandishwa kizimbani, hakutarajiwa kuwa na kicheko cha akiba, lakini fundi huyu alikuwa na maneno na vicheko vya kuwagawia jirani. Njia nzima alikuwa akiisifia kazi yake.

Kazi hiyohiyo ndiyo iliyomponza. Shule ya kupanda farasi ilikuwa mali ya Kanali, mwanajeshi mstaafu, na kiwanja chake cha wazi kilikuwa cha udongo mwekundu. Mvua ikinyesha kiligeuka uji, jua likiwaka kiligeuka sakafu. Mwanawe wa pekee, ambaye pale wote walimwita Binti, alimng'ang'ania baba yake mpaka akakubali kibadilishwe. Fundi akaja, akakwangua udongo, akashindilia kokoto, akatandika juu yake kitambaa kizito cha kuzuia kokoto na mchanga visichanganyike. Mwisho akamwaga mchanga uliooshwa, wenye nyuzi ndani yake ili ushikane chini ya kwato. Siku ya kwanza ya kukijaribu, Binti aliruka kiunzi juu ya farasi bora wa shule, ambaye kwa majivuno yake walimwita Bwana Harusi. Farasi alipotua, miguu ya mbele ilizama. Binti akarushwa, akaangukia mgongo. Sasa alikuwa hospitalini, haisikii miguu yake, na madaktari hawakutaka kusema kama atatembea tena. Kanali alimshitaki fundi kwa uzembe siku ileile, jua halijatua.

Inspekta alikuwa amempitia Binti wodini kabla ya kuja huku. Msichana alikuwa na nguvu za sentensi chache tu. "Bwana Harusi hakukosea," alisema. "Ardhi ilimkimbia." Halafu akauliza swali moja. Miguu ya farasi i salama? Inspekta hakujua. Akaahidi atamletea jibu.

Wenzake kituoni walimwita Inspekta huyu Sindano, kwa kuwa aliingia kimya na maumivu yalifuata baadaye. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, leo amevaa buti za mpira za shemeji yake, kubwa mno, zinazopiga makofi kila anapotembea. Alifungua buti la gari akatoa nondo nyembamba iliyonolewa ncha, na sepetu.

Kocha alikuwa akiwasubiri kwenye uzio wa mbao nyeupe. Mrefu, mkavu, miguu imepinda kwa miaka ya kukaa juu ya tandiko, mkono mmoja kiunoni kama mjamzito.

"Karibuni. Kanali yuko bandani na Bwana Harusi. Nimwite?"

"Mwache kwanza," alisema Inspekta. "Nataka kuongea na mchanga."

Akapita chini ya utepe wa polisi, akachomeka nondo karibu na lango. Ilishuka vidole vinne ikagonga kitu kigumu. Tok.

"Sikia hiyo!" Fundi alidakia. "Hizo ni kokoto zilizoshindiliwa zikakubali. Pima popote, afande. Popote!"

"Ndivyo nitakavyofanya."

Alizunguka uzio wote, kisha akakata katikati, akarudi kwa mshazari. Koplo alibaki nje akidai analinda lango. Kila mahali nondo ilishuka vidole vinne, ikasema tok, na kila iliposema fundi alitikisa kichwa kama mwalimu wa kwaya. Kwenye kona ya mwisho, nyuma ya mapipa ya maji, mlio ukawa mwingine, mzito, wa kusitasita. Fundi akaacha kutikisa kichwa.

"Hapa kuna nini?"

"Hapa pako sawa tu, afande."

"Fundi."

"Kitambaa kiliniishia." Sauti ilikuwa imemshuka mpaka kifuani. "Vipande vinatakiwa vipishane, kimoja kikilalie kingine. Hapa niliviegemeza tu. Nikasema kona hii hakuna anayerukia, nitakuja kurekebisha."

"Ulimwambia nani?"

"Nijichongee mwenyewe?"

Kocha alitema mate upande. "Si mnaona? Mtu akiiba kitambaa, ameiba mgongo wa mtoto wa mwenzake. Mnatafuta nini tena?"

Koplo naye, kutoka kule nje, aliinua mikono kuonyesha kwamba shughuli imekwisha na watu wanaweza kwenda kula. Inspekta hakumtazama. Kona ilikuwa imeibiwa, sawa. Lakini Binti hakuangukia konani.

Alivuta buti zake mpaka kwenye kiunzi. Mbele yake shimo lilikuwa bado lipo, mchanga umebomokea ndani, limekaa kama lilivyokuwa siku ya ajali. Kila mtu aliamini kwamba kokoto za pale zilizama kwa kuwa hazikushindiliwa. Inspekta alitaka kujua zilizamia wapi.

"Kocha, farasi akiruka hapa anatua wapi?"

Kocha alisogea hatua chache kutoka kwenye kiunzi akaonyesha kwa kidole cha mguu. Nondo ikashuka. Tok.

"Lakini shimo liko mbele zaidi."

"Bwana Harusi si farasi wa kawaida. Yule hujirusha. Kanali alimfundisha hivyo tangu mdogo." Kocha alikuna shingo. "Atatua palepale kila siku, hata ukimfunga macho."

"Nani anajua hilo?"

"Nani hajui? Watoto wanaojifunza huweka kofia pale, wanabishana kama ataikanyaga."

Inspekta alipima ukingo wa shimo pande zote. Upana wa kiganja kutoka ukingoni kila kitu kilikuwa kigumu. Ardhi inayozama yenyewe huwavuta na majirani zake, hata ufa wa ukuta hauna mpaka uliopigwa rula. Alichukua sepetu, akaanza kuutoa mchanga kidogo kidogo, akauweka kando. Alipofika kwenye kitambaa alipiga magoti.

Kilikuwa kimekatwa. Hakikupasuka wala kuchanika. Kilikatwa kwa kisu kikali, pande tatu, upande wa nne ukaachwa, kikakunjwa chini kama kifuniko cha bahasha. Chini yake hapakuwa na kokoto hata moja. Palikuwa na mchanga mlaini, umejazwa mpaka kwenye udongo mwekundu wa zamani. Mkono wake ulizama hadi kwenye kiwiko.

"Njoo uone kazi yako," alimwambia fundi.

Fundi alikuja, akainama, akatazama. Safari hii hakujisifu. Aliketi mchangani akauziba uso kwa mikono yake yenye pingu, mabega yakawa yanatikisika. Tangu akamatwe alikuwa akipiga domo ili asiwaze kwamba huenda ni kweli, kwamba huenda mikono yake ndiyo iliyomlemaza mtoto wa watu.

"Mchanga ulipigwa reki juu yake," Inspekta alimwambia Kocha. "Nani alipiga reki jioni ya kuamkia ajali?"

"Anayetoka mwisho ndiye hupiga. Ni amri ya Kanali. Asubuhi tulikuta kiwanja kimepigwa reki vizuri, hakuna alama ya mguu."

"Na nani alikuwa apande farasi asubuhi hiyo?"

Kocha alitazama uzio, akatazama mikono yake.

"Kocha, nimekuuliza."

"Mimi."

Koplo, aliyekuwa ameanza kusinzia langoni, alisimama wima.

"Ilikuwa imepangwa nipande mimi, wote wanajua. Nikainama kunyanyua mti wa kiunzi, mgongo ukakaza. Nikashindwa hata kujinyoosha. Binti akacheka, akasema, 'Kocha, uzee umekupiga teke,' akapanda yeye."

"Mgongo wako una akili sana. Umeuma siku ya shimo."

"Afande, usinitanie kwa jambo hili."

"Nasikia Binti alitaka kuleta kocha mwingine. Kijana zaidi."

Uso wa Kocha uliiva. "Alitaka, ndiyo, na alinieleza mwenyewe, ana kwa ana, akaniomba nibaki nimfundishe huyo kijana. Mimi ndiye niliyempandisha Binti juu ya farasi wake wa kwanza, hajajua hata kufunga kamba za viatu! Unadhani ningemchimbia shimo?"

"Bado sijadhani chochote. Farasi alitandikwa na nani?"

"Kanali. Bwana Harusi haguswi na mtu mwingine. Alimwandaa alfajiri, akaniachia tayari bandani, akaenda zake mjini."

Inspekta aliokota kokoto moja iliyokuwa imechomoza kwenye ukingo wa shimo. Ilikuwa ya kijivu, yenye pembe kali na vumbi jeupe. Akaitia mfukoni.

* * *

Ofisi ya shule ilinuka ngozi na dawa ya kuchua. Shangazi wa Binti, dada yake Kanali, alikuwa nyuma ya meza, miwani imepandishwa kwenye paji la uso na mwenyewe akiitafuta.

"Iko kichwani, mama," Koplo alisema kwa upole. Humu ndani hapakuwa na farasi, ujasiri ulikuwa umemrudia.

"Ahsante, baba. Tangu mtoto aanguke sina kichwa, nina mahali pa kuwekea miwani."

Inspekta alivuta kiti. "Shangazi, wakati wa ajali ulikuwa wapi?"

"Palepale uzioni, nimeshika simu. Binti alitaka tupige video, wazazi wa wanafunzi waone kiwanja kipya."

"Hukuniambia kama kuna video."

"Sijaitazama. Kaka yangu aliniambia niifute, eti itatuumiza. Nikashindwa." Alifungua mtoto wa meza akaitoa simu, lakini hakuitoa mkononi. "Mwanzoni mwake anatembea, afande. Anatoka bandani anatembea kwa miguu yake. Nitaifutaje?"

Waliitazama wakiwa wamesimama, Shangazi amewapa mgongo. Binti alikuja akitembea kwa madaha, akacheka na Kocha aliyekuwa amejikunja kama msumari mbovu, akapanda. Bwana Harusi alichezesha kichwa, akainua miguu ya mbele kwa maringo. Inspekta aliisimamisha picha kabla ya kiunzi. Hakuwa na haja ya kuona zaidi, na alimwonea huruma yule mama.

"Hivi vyeupe miguuni ni nini?"

Shangazi aligeuka, akashusha miwani. "Bendeji. Farasi akiwa na jeraha, au akienda kwenye mashindano magumu, hufungwa ili miguu isiteguke."

"Siku ile alikuwa na jeraha?"

"Hapana."

"Kulikuwa na mashindano?"

"Mashindano gani? Kiunzi chenyewe kilikuwa cha mazoezi." Shangazi aliitazama tena ile picha, safari hii kwa makini. "Mbona amefungwa nene hivi? Kama anakwenda vitani."

"Koplo, tulipoitwa siku ile, ulimwona farasi?"

"Afande, miguu ile niliitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyeingia chumbani. Ilikuwa mitupu. Nitaapa mbele ya hakimu yeyote."

Inspekta aliirudisha simu mezani taratibu. "Kanali alirudi saa ngapi kutoka mjini?"

"Tulikuwa tunampakia mtoto kwenye gari la wagonjwa."

"Akapanda naye?"

Shangazi alifuta miwani kwa pindo la nguo, ingawa ilikuwa safi.

"Alisema anamrudisha farasi bandani kwanza. Mtoto wake analia ndani ya gari, yeye anashika hatamu. Mimi ndiye niliyepanda. Nilimkasirikia, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa."

"Alikipenda kiwanja kipya?"

"Kaka yangu?" Alicheka bila furaha. "Alikipinga mpaka akapauka midomo. Alisema yeye amefundisha vizazi juu ya udongo, na udongo haujamdai mtu. Tukamshinda kwa maneno. Ndipo akajifunga mwenyewe. Akasema mbele yetu sote, haya, kileteni kiwanja chenu, na kikifaa nitamkabidhi Binti funguo za shule nikalale. Aliahidi akidhani hakitafaa."

"Kilikuwa kinafaa?"

"Afande, mvua kubwa ilinyesha usiku, asubuhi kikawa hakina hata dimbwi. Hiyo ilikuwa wiki ya ajali. Kaka yangu alisimama uzioni anakitazama, hata chai hakunywa."

* * *

Nje, Koplo alimshika Inspekta kiwiko. "Afande, naona unakokwenda, lakini njia haipiti. Kanali hakuwepo. Alikuwa mjini, wauza dawa wamemwona. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Kwa nini hakuwepo?"

"Alikwenda kununua dawa ya minyoo."

"Kiwanja kilichomtoa jasho, ahadi aliyoitoa mbele ya watu, farasi aliyemlea tangu mdogo, leo ndiyo siku ya majaribio. Na yeye anakwenda kununua dawa ya minyoo." Inspekta alifunga zipu ya koti. "Nipe mkono, hapa panateleza."

Mvua ya jana ilikuwa imeacha tope zito njia nzima ya kwenda mabandani. Buti za shemeji zilibaki nyuma mara mbili, Koplo akawa anazirudisha. Yeye mwenyewe viatu vilikuwa vimekwisha kazi, na fundi nyuma yao alitembea kwa kuchagua kama kuku. Walipita malango ya malisho, kila lango na dimbwi lake, farasi wamesimama wamezama mpaka juu ya kwato. Lango la mwisho, lililoandikwa kwa rangi nyeupe jina la Bwana Harusi, lilikuwa kavu.

Koplo alipanda pale akapiga miguu chini kwa furaha. "Afadhali hapa. Hapa wametia kokoto."

Kisha akatazama alichokanyaga, akaacha kupiga miguu.

Inspekta alichutama, akatoa ile kokoto mfukoni akaiweka katikati ya zenzake. Mara hiyo hakuijua tena ipi ni yake. Kijivu, pembe kali, vumbi jeupe. Zilikuwa ndoo kadhaa, zimesambazwa kwa uangalifu, zikashindiliwa kwa miguu.

"Zangu hizo," fundi alinong'ona. "Wallahi ni zangu."

Mtu mwingine angezitupa mtoni, au kuzifukia vichakani. Inspekta alimstaajabia mtu aliyeweza kuchimba kaburi la mgongo wa mwenzake, halafu mtu huyohuyo akakumbuka kwamba farasi wake anasimama topeni.

* * *

Kanali alikuwa anampiga brashi Bwana Harusi. Mzee mnyoofu, shati lake bado lina mistari ya pasi, ndevu zimekatwa kwa usawa. Farasi aliinua sikio moja kuwasikiliza wageni. Koplo akachagua kusimama karibu na mlango.

"Huyo mwizi mmemleta hapa wa nini?" Kanali aliuliza bila kugeuka.

"Aje aione kazi yake."

"Ameiona?"

"Ameiona. Kona moja ameiba, atailipia. Shimo si lake."

Brashi ilisimama, kisha ikaendelea, mbavuni, tumboni, taratibu.

"Farasi anaendeleaje?" Inspekta aliuliza.

"Mzima. Hana hata mkwaruzo. Mungu mkubwa."

"Mungu na bendeji."

Kanali aliisugua brashi kwenye chanuo la chuma, vumbi likaruka. "Alfajiri kulikuwa na baridi. Nilimfunga miguu. Ni kosa la jinai?"

"Si kosa. Na nani alimfungua?"

Kanali aliinama akaanza kupiga brashi goti la farasi.

"Tulipofika ilikuwa mitupu. Mwanao analia ndani ya gari la wagonjwa, wewe ukamshika farasi ukamleta huku peke yako. Dada yako anadhani huna moyo. Mimi nadhani ulikuwa na haraka."

"Unaongea na mtu aliyepigania nchi, Inspekta. Pima maneno yako."

"Nimepima kiwanja chote, Kanali. Maneno hayatanishinda. Shimo lilichimbwa mahali anapotua Bwana Harusi, na farasi mwingine yeyote angeruka akaliacha nyuma au mbele yake. Aliyechimba aliogopa miguu ya farasi huyo isivunjike, akaifunga. Kokoto alizozitoa hakuzitupa, alizimwaga langoni kwake asisimame topeni. Nimemtafuta adui humu kutwa nzima. Kila ninapogusa nakuta mtu anayempenda farasi."

Bwana Harusi alimsukuma Kanali begani kwa pua, akitaka brashi irudi. Mzee aliuweka mkono shingoni mwa farasi, ukabaki pale.

"Farasi hajui ugomvi wa watu," alisema hatimaye. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Kwa nini aumie?"

"Na Kocha?"

"Kocha ameanguka mara ngapi maishani mwake? Anaviringika, anatukana, anasimama. Nilijua atapanda yeye, ilikuwa imepangwa! Ataanguka, watasema kiwanja kibaya, tutarudi kwenye udongo wetu. Basi. Nilitaka hilo tu."

"Na funguo zibaki mfukoni mwako."

"Hii shule niliijenga kwa mikono hii."

"Ndiyo maana ukaenda mjini."

"Sikutaka kuona." Alifumba macho. "Ningekuwepo, nikamwona anapanda yeye, ningejilaza mbele ya kwato. Unanisikia? Ningejilaza chini anikanyage mimi."

"Nakusikia. Lakini hukuwepo," alisema Inspekta, na Koplo pale mlangoni akainamisha kichwa.

Fundi alikuwa amesogea bila mtu kumwona. Alisimama katikati ya banda, mikono mbele, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema maneno machache.

"Kanali, mke wangu alikuja kukupigia magoti. Ulimjibu nini?"

Mzee alimtazama kama anayemtafuta kwa mbali. "Nilimwambia sheria ifuate mkondo wake."

"Haya," fundi alisema. "Inafuata."

Inspekta alimpa Koplo ishara. Koplo alitoa ufunguo, akamfungua fundi pingu, fundi akawa anajisugua mikono asijue aipeleke wapi. Kati ya Koplo na Kanali kulikuwa na farasi mzima, na nyuma ya farasi hapakuwa na nafasi ya kupita. Koplo alivuta pumzi, akaweka kiganja kwenye kiuno cha Bwana Harusi kama alivyowaona wenyewe wakifanya, akapita. Farasi hakutikisika. Kanali alinyoosha mikono yote miwili bila kuambiwa.

Mlangoni alisimama, akageuka, si kwa farasi. Kwa Inspekta.

"Mtanipitisha hospitalini?"

"Nitakupitisha."

"Nitamwambia nini mwanangu?"

Inspekta aliinama akavuta buti zake za kuazima, moja baada ya nyingine, kabla ya kumjibu.

"Mwambie miguu ya farasi ni mizima. Ndilo swali aliloniuliza. Halafu kaa hapo, usubiri aulize la pili."